Mmbea Asiyetia Chumvi

Katika karakana ya Shangazi kulikuwa na mmbea mmoja tu, naye hakuwa mtu.

Alikuwa na mpini wa mbao uliogeuka mweusi kwa jasho la viganja, ulimi mwembamba wa chuma, na nati yenye masikio mawili. Nati ikilegea, ulimi unazunguka upendavyo. Bana mpini kwenye ukuta mmoja, laza ulimi kwenye ukuta wa pili, kaza masikio: tayari ameshika neno. Pembe ile ya kona ile, si ya jirani yake. Unambeba hivyo hivyo mpaka mezani, unamlaza juu ya ubao, unapitisha penseli ubavuni mwa ulimi, na ubao unajua yote yaliyotokea konani.

"Anasikia huku, anapeleka kule," Shangazi alipenda kusema. "Ubaya wake nini? Binadamu wangepeleka maneno kama huyu, neno kwa neno, bila kutia chumvi, mahakama zingegeuzwa maghala."

Wateja wageni walipata taabu. Mtu amekuja zake kuulizia modeli ya zahanati, mara anasikia mama mzima, mwenye miwani na heshima zake, akipaza sauti: "Milimita! Niletee huyo mmbea nimkaze masikio!" Mteja anaanza kupima kwa macho mlango uko umbali gani.

Milimita alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipoletwa karakanani. Shangazi alikata kipande cha ubao, akakiweka mahali pake, akauliza kwa majivuno, "Eti, si kimekaa?" Msichana akainama, akafumba jicho moja, akajibu, "Kimezidi milimita moja, Shangazi." Kikapimwa. Kilikuwa kimezidi milimita moja. Jina alilopewa na wazazi wake likaishia hapo, likabaki kwenye vyeti.

Miaka sita sasa alikuwa akikata, akipiga msasa, akigandisha. Alitengeneza madirisha ya ukubwa wa ukucha na ngazi ambazo sisimizi angezipanda bila kujikwaa. Lakini chini ya kila modeli iliyotoka mle ndani, Shangazi alipasha moto kipande cha shaba akachoma alama moja tu, ya kwake. Alama ya Milimita ilikuwepo. Shangazi alikwisha kuichonga, akaifunga kwenye kitambaa cha bluu, akaifungia kwenye droo ya juu, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake kama hirizi. Sharti la karakana lilikuwa hili: fundi anapata alama yake siku mwenye nyumba atakapowekewa modeli mbele yake, bila kuambiwa neno, akaitambua mwenyewe kuwa ndiyo.

"Si kuisifu," Shangazi alionya. "Kusifu ni adabu tu, hata mgonjwa husifiwa. Aitambue."

Basi Milimita alikuwa akiitamani droo ile kama paka anavyolitamani kabati la samaki.

Kazi yenyewe ililetwa na mwanamke mmoja mwenye haraka, funguo za gari zikilia kidoleni. Mama yake, mshonaji nguo aliyestaafu, alikuwa ahame nyumba yake Jumamosi ile akaishi naye. Jumatatu inayofuata nyumba ingebomolewa, barabara ipite. Mama alikuwa amekubali kila kitu, kisha akakataa kila kitu.

"Kasema atahama, ila anakwenda na nyumba yake," alieleza. "Nikamwambia, mama, tutaibebaje? Akaniambia, hilo ni lako, mimi nimeshakubali kuhama."

Shangazi akacheka mpaka akavua miwani. Akamtazama Milimita, akautikisa ufunguo shingoni. "Hii kuta zake ni zako zote," akasema. "Mimi nafanya paa tu."

Hapo lazima ujue desturi yao. Katika karakana ile, kuta na paa havikufanywa na mtu mmoja, wala havikupimwa pamoja. Anayejenga kuta anapima kuta. Anayejenga paa anapanda ngazi, anapima mabati. Na hakuna kuchunguliana. Vinakutana siku ya mwisho, kama bwana na bibi harusi walioposwa kwa barua. Vikielewana, kazi ni ya kweli. Visipoelewana, kuna mmoja kadanganya. Na paa lilitakiwa lishuke lenyewe bila kusukumwa, taratibu, kama kuku anayekalia mayai yake.

Na namba? Shangazi hakuzipenda. Kulikuwa na kipimapembe cha betri kinachosoma nyuzi kwenye kioo kidogo, zawadi kutoka kwa msanifu majengo mmoja, kikakaa rafuni kwenye boksi lake kama mgeni asiyekaribishwa chakula. "Namba ni tafsiri," alisema. "Unaitoa pembe ukutani, unaitafsiri kuwa namba, kisha unaitafsiri tena kuwa pembe. Kila tafsiri ina kodi yake. Mmbea analeta maneno yenyewe, kwa sauti ya mwenyewe."

Kwa mmbea alikuwa na masharti mawili, aliyoyarudia mpaka Milimita akawa anayasema usingizini. La kwanza: hageuzwi uso. Ukimgeuza, kona ya kushoto itasema kama ya kulia, na utajenga nyumba iliyo ndani ya kioo. La pili: halali na neno. Pembe ikishashikwa, ichorwe papo hapo kwenye ubao wa ushahidi, maana nati ile ilikuwa imezeeka, na mmbea mzee akigongwa kidogo tu, ulimi unateleza.

"Hapo ndipo anatia chumvi," Milimita aliwahi kumwambia.

"Hapo si yeye," Shangazi akajibu. "Hapo ni aliyemgonga."

Jumanne Milimita akaenda kupima, mmbea mfukoni, ubao wa ushahidi kwapani.

Mshonaji alimpokea mlangoni, sindano tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kupekua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayeikunja nyumba yangu?"

"Sitaikunja, mama. Nitaipunguza. Sentimita ishirini na tano za hapa zitakuwa sentimita moja kule."

"Sindano yangu itakuwa ndogo kiasi gani?"

"Haitaonekana."

"Basi usiiweke. Mimi mwenyewe tayari siioni."

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi, imejengwa kwa matofali ya saruji yasiyofanana, mengine manene, mengine yamekonda kana kwamba yaliugua. Milimita alikwenda kona kwa kona. Anabana, analaza, anakaza, anachora. Kila mchoro akauandikia jina lake: sebule ya mlangoni, sebule ya dirishani, jiko la karo. Kona zote zilikuwa pembe mraba, zikipungua au kuzidi kidogo kama kawaida ya nyumba za watu.

Chumba cha mwisho, cha nyuma, ndicho kilichokuwa cha cherehani. Kona mbili za upande wa mlango zilipimika vizuri. Ya tatu ilikuwa nyuma ya kabati kubwa lililogusa ukuta mmoja na mwingine. Ya nne ilikuwa imezama kabisa nyuma ya majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini. Nje nako hakukupitika: ukuta wa jirani ulikuwa umesogea karibu mno, hata paka alipita kwa ubavu.

Milimita akapanda kigoda, akanyoosha mkono juu ya kabati, akamchomeka mmbea gizani kule kwenye kona ya tatu. Akaupapasa mpini ukutani, akaupapasa ulimi ukutani, akakaza. Vumbi la miaka likamwingia puani. Akapiga chafya moja, kisha mbili, na ya tatu ikamshusha kutoka kigodani. Kiwiko kikagonga kabati. Ko!

"Umeumia?" Mshonaji aliuliza kutoka sebuleni.

"Mimi hapana, mama!"

Akamlaza mmbea ubaoni, akachora. Akautazama mstari ule. Ulikuwa umeinama ndani, kona imebana kuliko pembe mraba, tena si kwa kidogo cha kusamehe. Ukiwa na macho ya Milimita, ulikuwa unapiga kelele.

Hapa akajifanyia mashauri. Nyumba nzima imenyooka, kwa nini kona hii moja ilemae? Tena kiwiko kimegonga. Tena nati ni nzee. Alitakiwa apande tena, apime tena; alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini pua ilikuwa inawaka, na ndani yake kulikuwa na kasauti kadogo kalikokwisha kuona modeli nzuri, imenyooka kila upande, mtu anaishika na kuitambua papo hapo. Mmbea ni mmbea, akajisemea. Leo katia chumvi.

Akatoa kifutio, akaufuta mstari. Akachukua guni, akachora pembe mraba nadhifu pale pale. Akaandika: cherehani, nyuma. Kona ya nne akaikadiria hivyo hivyo, na urefu wa ukuta uliofichwa na kabati akauchukua kwa mwenzake wa upande wa pili, maana kwenye chumba cha pembe mraba kuta zinazotazamana ni pacha.

Akaaga.

Kuta zilimalizika Alhamisi saa nne asubuhi. Zilikuwa nzuri, acha tuseme kweli. Rangi ya ukuta ilikuwa ile ile iliyofifia, doa la moshi juu ya dirisha la jiko, na kizingiti cha mlango kimelika katikati palipokanyagwa miaka thelathini. Shangazi akatoa paa lake ndani ya boksi. Bati lilikuwa la karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo midogo, limepakwa kutu kwa sifongo.

"Bibi harusi yuko tayari?" aliuliza.

"Yuko tayari. Bwana ndiye kachelewa."

Shangazi akalishusha paa kwa vidole viwili. Mbele likakaa. Upande wa kulia likakaa. Upande wa kushoto likakaa. Nyuma, kwenye kona ya chumba cha cherehani, likatokeza nje kama ulimi wa mtoto mtundu, na chini yake hapakuwa na ukuta.

Wakaliinamia wote wawili.

"Shangazi," Milimita akasema polepole, "paa lako limelewa."

"Paa langu halinywi."

"Sasa huu mguu limeurusha wapi?"

"Limeuweka pale mabati yalipokatwa. Mabati ya mwisho kule nyuma yamekatwa mshazari, nimeyapima nikiwa nimekaa juu yake, jua linanichoma kisogo. Kuta zako ndizo zimeogopa."

"Kuta zangu zimenyooka!"

"Sijauliza kama zimenyooka. Nauliza kama ni za nyumba ile."

Shangazi hakugomba. Akanyoosha mkono, akauchukua ubao wa ushahidi, akauinamisha dirishani ili mwanga uupite kwa ubavu. Sasa, penseli ya Milimita ilikuwa ngumu, naye alikuwa na mkono mzito. Kifutio kinaondoa weusi, mfereji hakiondoi. Chini ya ile pembe mraba nadhifu, mwanga ukautoa mstari wa kwanza, umeinama, unang'aa kama njia ya konokono.

Shangazi akashusha miwani. "Nani amemziba mmbea mdomo?"

Milimita akaeleza: kabati, vumbi, chafya, kiwiko. Mwishowe akabaki na lile moja lisilokuwa la kabati wala la vumbi. "Nilidhani katia chumvi."

"Kwa sababu tunamwita mmbea."

"Ndiyo."

"Tumempa jina baya kwa utani, wewe ukamhukumu kwa jina." Shangazi akaulaza ubao mezani. Kisha, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, akaongeza, "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, li njiani."

"Nikirefusha tu ukuta mpaka ufike chini ya paa lako?"

"Utakuwa umeniibia mimi mtihani. Utakuwa umejenga uvumi wangu." Akaligusa kufuli la droo kwa ukucha, tik, tik. "Jumamosi saa tatu yule mama anapita hapa na mizigo yake. Sasa ni Alhamisi. Kaongee na kona."

Ijumaa asubuhi Milimita akamkuta Mshonaji amekaa juu ya boksi sebuleni, nyumba imebaki mifupa. Majora yamekwenda. Makabati yamekwenda. Sauti ya salamu ilizunguka vyumbani ikarudi yenyewe.

"Umesahau nini, binti?"

"Kona moja, mama. Niliipima, nikaisingizia."

Mshonaji akainuka bila kuuliza ipi. Akatangulia moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

Bila kabati, kona haikuwa na pa kujificha. Ukuta wa nyuma ulianza vizuri upande wa majora, kisha ukaondoka taratibu kuelekea nje, hatua kwa hatua, mpaka ulipokutana na mwenzake kwenye kona kali, nyembamba, kama mtu aliyejibana ukutani kumpisha mwingine. Sakafuni palikuwa na vishimo vinne vidogo.

"Miguu ya cherehani," Mshonaji akasema. "Ilikaa hapo mpaka macho yalipoanza kudai mwanga, nikaihamishia dirishani. Kabati likarithi."

"Mama, huu ukuta ulipindaje?"

"Uliniogopa."

Milimita akacheka. Mshonaji hakucheka, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza.

"Mume wangu alikuwa dereva, si fundi. Alijenga siku za mapumziko. Chumba hiki kilikuwa bado uwanja, na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, uwanjani, cherehani mbele yangu. Nina sare za shule arobaini, zinatakiwa kesho. Akaja na vigingi vyake na kamba yake. 'Mama watoto, sogea, kamba inapita hapo.' Nikamwambia nina sare arobaini, sisogei. 'Dakika tano tu.' Sisogei. 'Sasa kamba ipite wapi?' Nikamwambia ipite nyuma yangu, mimi siioni, hainisumbui."

"Ikapita?"

"Ikapita. Mimi nikajua ni mzaha, nikimaliza sare ataivuta irudi. Nashona, nasikia tofali la kwanza nyuma ya mgongo. Nashona, nasikia la pili. Nilipomaliza kola ya arobaini nikageuka, ukuta umefika kiunoni." Akaupiga ukuta kofi jepesi, kama mtu anayepiga bega la shemeji. "Tangu siku hiyo tukigombana, hana maneno mengi. 'Mimi nimepinda ukuta kwa ajili yako, unataka nini tena?' Utamjibu nini mtu huyo?"

Milimita alikuwa amempandisha mmbea mpaka usawa wa kifua. Akabana, akalaza, akakaza masikio kwa vidole viwili. Akatazama. Ulimi ulikuwa umeinama vile vile kama Jumanne. Haukuwa umeteleza hata kidogo; kiwiko kiligonga kabati, hakikumgonga yeye.

"Hicho kidude ni nini?" Mshonaji aliuliza.

"Tunamwita mmbea. Anasikia huku, anapeleka kule."

"Na unamwamini?"

"Tangu leo."

"Usimwamini mmoja. Umbea unahitaji watu wawili." Mshonaji akachana karatasi ya kukatia ruwaza za nguo kutoka kwenye bunda lililokuwa halijafungwa. Akaibana konani, akaisukuma kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ikalala kwenye kuta zote mbili, akaikunja pale zilipokutana, akaikaza mkunjo kwa meno ya mkasi. Akaitoa. "Sisi tunanakili bega la mtu hivi. Bega halikai mezani likusubiri."

Wakaweka karatasi sakafuni, mmbea juu yake. Mkunjo na ulimi vikaenda sambamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata unywele usingepata njia katikati yao.

Milimita akachora papo hapo, kwa mkono mzito kuliko siku zote.

Ukuta wa nyuma ukavunjwa mchana ule, na wa ubavuni ukatupwa. Zikakatwa mpya, ule wa ubavuni mrefu kuliko pacha wake kwa sentimita moja na nusu. Mtu asiyejua angesema ni makosa. Milimita alipofika kwenye kona yenyewe, alizinoa kingo za kuta zote mbili kwa msasa uliobandikwa kwenye kijiti, akipima kwa mmbea kila mapito matatu, asimgeuze uso. Sakafuni akatoboa vishimo vinne kwa ncha ya pini. Gundi ikakauka huku akiipepea kwa kifuniko cha boksi, Shangazi akimtazama kutoka upande wa pili wa meza akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Jumamosi saa tatu kasoro, Shangazi akalishusha paa. Mbele, kulia, kushoto. Nyuma halikusimama. Likapumua kidogo, hewa ikatoka chini yake, likakaa.

"Limelewa?" Shangazi aliuliza.

"Limelala," Milimita akajibu.

Nje honi ikalia. Gari la mizigo lilikuwa limesimama, godoro juu yake limefungwa kamba kama mateka, na binti wa Mshonaji akaingia kwanza. "Dakika tano tu, jamani, dereva anatoza kwa—" Akaiona modeli. "Ehe! Nyumba hiyo!"

"Wewe umesema," Shangazi akamkatiza. "Lakini si yako."

Mshonaji akaingia. Hakuna aliyemwambia kitu. Milimita alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu, na kipimapembe cha betri kikamchoma begani.

Mshonaji hakutazama mlango. Hakutazama doa la moshi, wala kizingiti kilicholika, wala rangi iliyofifia, kazi yote ile ya siku tatu. Akaishika meza kwa ukingo, akazunguka mpaka nyuma ya modeli, akapiga magoti nusu. Akachungulia dirisha la nyuma kwa jicho moja. Akapitisha kidole ukutani kutoka upande wa majora, taratibu, kikaondoka na ukuta kuelekea nje, mpaka kikafika konani na kusimama.

Nje, dereva alikuwa ameacha kupiga honi.

"Nina sare arobaini," Mshonaji akaiambia kona. "Sisogei."

Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akasimama na kumgeukia binti yake kwa ukali wa uongo. "Haya, twende. Si ulikuwa na haraka wewe? Nimeshahama."

Shangazi alivua ufunguo shingoni na kumtupia Milimita, ambaye aliudaka kwa mikono miwili kama mtu anayedaka yai.

Kitambaa cha bluu. Ndani yake, kipande cha shaba kimesuguliwa mpaka kinang'aa, herufi zimechongwa kwa subira ya miaka. Milimita hakuzisoma, macho yalikuwa na maji. Akakipasha moto, akaipindua modeli kwenye mto wa sifongo, akakikandamiza chini ya sakafu, akahesabu mpaka tano. Moshi mwembamba ukapanda, wenye harufu ya ubao.

Mshonaji akavaa miwani yake akainama kusoma.

"A-ti-mi-li-mu," akasoma. "Atimilimu. Ndiye nani huyo? Si mlisema fundi ni huyu?"

Milimita akafuta macho akatazama. ATIMILIM. Herufi zote zilikuwa zimejigeuza bila aibu, maana A ni A hata ukiitazama mgongoni, na M haina kisogo. Moja tu ndiyo iliyotoa siri: L ilikuwa imetazama upande usio wake, mguu mmoja nyuma, kama mtu aliyeingia ukumbini akagundua amekosea harusi.

Akageuza kichwa polepole. Shangazi alikuwa anachunguza dari.

"Shangazi."

"Mh."

"Alama ya kuchoma huchongwa kinyume, ili isomeke sawa."

"Najua inavyochongwa."

"Nani alisema mmbea hageuzwi uso?"

"Mimi."

"Na ukigeuza?"

"Utajenga nyumba iliyo ndani ya kioo," Shangazi akanong'ona. Kisha kicheko kikamtoka puani, kikamkaba, ikabidi aketi. Mshonaji akacheka kwa kuona wenzake wanacheka, na binti yake akacheka huku akitazama saa.

"Lete hapa," Shangazi akasema alipopata pumzi. "Nitachonga nyingine leo leo. Hiyo ya chini tutaipiga msasa, dakika kumi tu—"

Milimita alikuwa ameshaifunga shaba kwenye kitambaa chake cha bluu, na kitambaa kikaingia mfukoni, mfuko ule ule aliolala mmbea.

"Sisogei," akasema.

Mshonaji akampiga bega, kofi jepesi kama lile la ukutani. Akaketi mbele ya gari, modeli mapajani, ameigeuza kona ya nyuma iwe upande wake. Na tangu siku hiyo mtu akitaka kujua ni nani aliyejenga kuta za nyumba ndogo zilizotoka karakana ile, anaipindua nyumba, anasoma, anakuna kichwa. Halafu, akiwa na akili, anakwenda kutafuta kioo.